Velis Electro na pacha wake wa petroli: dakika, kilo na uniti

Kwa mwenye haraka: Velis Electro ni ndege ya umeme, nzuri sana ya kufundishia kupaa na kutua, na ni ndege mbaya ya kwenda mahali. Chuo chenye ndege nne kinaweza kuifanya ya tano na kikafurahi. Chuo chenye ndege moja tu, kikiichukua hii, kitabaki na hanga safi, chaja ukutani na wanafunzi wasiomaliza kozi. Si suala la ushabiki wa umeme au wa petroli. Ni hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Velis inatengenezwa na Pipistrel ya Ajdovščina, Slovenia, kampuni iliyonunuliwa mwaka 2022 na Textron ya Marekani, wale wale wenye Cessna. Tarehe 10 Juni 2020 EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, iliipa cheti kamili cha aina, na hakuna ndege ya umeme iliyokuwa imekipata kabla yake. Cheti hicho ndicho kinachoitenga na ndege nyingi za umeme tunazoziona kwenye video: hii inaweza kuingizwa kwenye orodha ya ndege za chuo na kukatiwa bima kama nyingine. Marekani walichelewa; FAA ilitoa msamaha wa kuiruhusu kwenye kundi la ndege nyepesi za michezo Machi 2024.

Ina viti viwili ubavu kwa ubavu, mabawa ya mita 10.71, na uzito wa juu wa kupaa kilo 600. Pacha wake ni Virus SW 121: umbo la mwili ni lile lile, uzito wa juu ni ule ule, ila puani ana Rotax 912 S3 ya nguvu za farasi 100 na kwenye mabawa ana matangi ya jumla ya lita 100. Ndiyo maana ulinganisho wa haki ni huu, si wa kuiweka Velis kando ya Cessna 172 yenye viti vinne na mwili mwingine kabisa. Hapa kilichobadilika ni chanzo cha nguvu tu.

Uniti 24.8

Mota ya Velis, E-811, ina uzito wa kilo 23 hivi, wepesi ambao injini ya kawaida ya petroli ya nguvu hiyo haiufikii. Wakati wa kupaa inatoa kilowati 57.6, na ya kuendelea nayo muda mrefu ni 49.2. Tatizo halimo kwenye mota, limo kwenye betri. Ziko mbili, moja puani nyuma ya mota na nyingine nyuma ya viti, kila moja kama kilo 70, volti 345, na kwa pamoja zinabeba uniti 24.8 zikiwa mpya na zimejaa. Uniti hapa ni ile ile ya kwenye mita ya nyumbani, kilowati moja kwa saa moja.

Gawanya uniti 24.8 kwa kilo 140: ni kama uniti 0.18 kwa kilo. Kilo moja ya petroli ya ndege ina kama uniti 12. Pengo ni mara 67 hivi. Mtetezi wa umeme atakuambia injini ya petroli inatupa karibu robo tatu ya nishati hiyo kama joto, ilhali mota inapoteza kidogo tu, na yuko sahihi. Baada ya kukata hasara zote, pengo linashuka hadi kama mara 20. Hilo la mara 20 ndilo linalobaki nawe mpaka kemia ya betri ibadilike.

Sasa tangazo la Velis linaahidi "dakika 50 na akiba juu yake". Zinatoka wapi? Uwiano wa kuelea wa ndege hii, yaani mita inazosonga mbele bila mota kwa kila mita inayoshuka, ni 15 kwa 1 kwenye kasi ya noti 64, yaani kama kilomita 119 kwa saa. Kwa uzito wa kilo 600 hiyo ni nguvu ya mvutano wa hewa ya kama niutoni 390. Ukiweka hasara za pangaboi na mota, ndege inahitaji kilowati 18 hadi 20 kubaki kwenye kimo ikienda taratibu. Ipeleke noti 90 (kilomita 167 kwa saa) na mahitaji yanapanda hadi kilowati 32 hivi, kwa sababu mvutano wa mwili unakua kwa mraba wa kasi. Dakika 50 zipo, lakini ni za mwendo wa taratibu, betri mpya, hewa tulivu. Kwa noti 90, ukitoa matumizi ya kupanda na ukakataa kushuka chini ya asilimia 30 ya chaji, unabaki na dakika 28 au 30.

Kwa nini asilimia 30? Si woga wa kuishiwa tu. Betri ya lithiamu ikipungua chaji, volti nayo hushuka, na nguvu ni volti mara ampea. Kilowati 57.6 kwa volti 345 ni ampea 167. Volti ikishuka hadi 300, nguvu ile ile inadai ampea 192, na kwa kuwa joto ndani ya seli hukua kwa mraba wa mkondo, seli zinapata joto zaidi kwa asilimia 32 hivi. Sasa fikiria rubani yuko futi 100 juu ya njia ya kutulia, ng'ombe anaingia, na inabidi aghairi kutua apae tena. Hapo ndipo anapotaka nguvu yote, na hapo ndipo betri iliyokauka haiwezi kuitoa. Akiba ya Velis ni akiba ya nguvu kabla ya kuwa akiba ya dakika. Tangi la petroli lenye lita 5 linaipa injini nguvu sawasawa na tangi lililojaa. Betri haiko hivyo, na mwanafunzi aliyeanzia petroli anapaswa kufundishwa jambo hili siku ya kwanza.

Kuna pia akiba ya kisheria. Kanuni za Ulaya zinakubali akiba ya dakika 10 kwa ndege inayoruka mchana karibu na uwanja wake bila kuupoteza machoni. Ukitoka hapo unaingia kwenye dakika 30 zilizozoeleka. Dakika 30 kwa kilowati 20 ni uniti 10, asilimia 40 ya betri nzima, kabla hujaenda popote.

Sakiti saba

Kwenye sakiti, yaani kupaa, kuzunguka uwanja na kutua, hesabu inapendeza. Kupaa na kupanda hadi futi 1,000 ni kama dakika 2 za kilowati 50, sawa na uniti 1.7. Daunwindi, kipande cha kuruka sambamba na njia upepo ukiwa nyuma, ya dakika moja na nusu kwa kilowati 20 na ushee ni uniti nusu hivi. Besi na fainali, vipande viwili vya mwisho vya kushuka kutua, ni kama uniti 0.2, kwa sababu mkono wa nguvu uko karibu na sifuri. Jumla ni uniti 2.4, sawa na asilimia 10 ya betri. Kutoka asilimia 100 hadi 30 unapata sakiti 7, ndani ya dakika 40 hivi. Mwanafunzi wa kutua anachoka kabla ya hapo.

Ndani ya dakika hizo 40 Velis inampita pacha wake kwa mbali. Hakuna choki, hakuna joto la kabureta, hakuna magneto za kupima, hakuna pampu ya mafuta ya kukumbuka. Kuwasha ni kufuata swichi kwa mpangilio: masta, avioniksi, kisha BATT EN ya kuunganisha betri, kisha PWR EN ya kuipa mota ruhusa. Baada ya hapo kuna mkono mmoja wa nguvu. Ndege ikisimama kusubiri, pangaboi nalo linasimama. Hakuna mafuta yanayoungua bure. Hilo lina hatari yake: pangaboi lililotulia halimaanishi kwamba limezimwa. Likiwa bado na PWR EN, kugusa mkono wa nguvu kunalizungusha papo hapo, bila mlio wa stata wa kumshtua mtu aliyesimama mbele. Wapakiaji na wanafunzi waliozoea kusikia injini kwanza ndio walio hatarini.

Kelele ni ndogo mno. Mtengenezaji anataja desibeli 60, na mwalimu anazungumza bila kupaza sauti. Uwanja uliozungukwa na nyumba utaelewa thamani yake haraka.

Kilo 172

Ndege tupu, betri zikiwamo, ina kilo 428. Uzito wa juu ni 600. Kinachobaki kwa watu na vitu vyao ni kilo 172. Mwalimu wa kilo 80 na mwanafunzi wa kilo 80 wanabakiza kilo 12 kwa hedseti, kibao cha ramani na sanduku la huduma ya kwanza. Mwalimu wa kilo 95 na mwanafunzi wa kilo 85 hawaruki, basi.

Kwenye petroli, mwalimu mzito ana dawa: anapunguza mafuta. Lita 40 zina kilo 29 tu, na zinatosha saa mbili na zaidi. Betri haipunguzwi. Iwe imejaa au imeisha, uzito ni ule ule, kwa hiyo hata kutua unatua na uzito wa kupaa, kila mara, mara saba kwa somo. Chuo kikague matairi, breki na miguu ya ndege kwa nafasi fupi kuliko kilivyozoea. Faida ndogo ipo: mahali pa kitovu cha uzito hapahami wakati wa kuruka.

Dar hadi Unguja, kwa mfano

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73, karibu moja kwa moja kaskazini. Kwenye ramani, Velis inafika. Kwa noti 90 bila upepo ni dakika 26, uniti 14, ongeza moja na nusu ya kupanda. Unatua na asilimia 37. Safi kwenye karatasi.

Weka sasa kaskazi ya noti 20 usoni. Kasi juu ya maji inashuka hadi noti 70, safari inakuwa dakika 34, na unatua na asilimia 21, chini ya mstari ule wa 30. Weka na betri iliyochakaa, iliyopoteza asilimia 15 ya ujazo wake: unatua na asilimia 7, mota moja, bahari chini. Na hata ukifika salama, bila chaja ya volti kubwa upande wa pili ndege inarudi kwa jahazi. Pacha wa petroli anakunywa lita 15 hadi 18 kwa saa; anakwenda, anarudi, anakwenda tena na kurudi, na tangi bado lina mafuta.

Marubani walioitoa Velis Schänis, Uswisi, hadi kisiwa cha Norderney cha Ujerumani mwaka 2020, safari ya kama kilomita 700, walitumia siku tatu, na muda mwingi zaidi uliliwa na chaja kuliko anga. Ilikuwa safari ya kuonyesha kwamba inawezekana, na iliwezekana.

Kwa chuo, hili linagonga kwenye mtaala. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi vinadai mwanafunzi asafiri peke yake angalau mara moja umbali wa kilomita 270, akitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Velis haifanyi hivyo bila vituo vya chaji njiani. Pia cheti chake ni cha mchana na kwa kuona nje tu. Masomo ya usiku yanatafutiwa ndege nyingine.

Siku ya kazi

Chaja ya Pipistrel inatoa kama kilowati 20 na inataka umeme wa fezi tatu. Kutoka asilimia 30 hadi 100 ni kama saa 1 na dakika 20. Jumlisha: dakika 40 za kuruka, 80 za chaji, 15 za kukagua na kubadilishana wanafunzi. Mzunguko mmoja ni saa 2 na robo. Kati ya saa 1 asubuhi na saa 11 jioni unapata mizunguko 4, ukikaza sana mitano ukiihesabu ya mwisho isiyochajiwa. Ni saa 3 za kuruka kwa siku. Pacha wa petroli anajazwa kwa dakika 10 na hushindwi kumtoa saa 6.

Wengine hujaribu kukwepa kwa kuchaji kidogo kidogo. Inafaa nusu nusu. Asilimia za juu kabisa, kuanzia 95 kwenda 100, huingia polepole kwa sababu chaja hupunguza mkondo seli zikikaribia kujaa, hivyo kuishia 95 huokoa muda. Lakini kupaa na chaji ndogo kunakula sakiti, na somo la sakiti tatu halimsaidii mtu.

Kisha kuna joto. Betri za Velis hupozwa kwa maji yenye glaikoli, zikiwa na pampu, radieta na feni zake. Pwani, mchana wa Februari, ndege inashuka na betri ya moto, na mfumo wa betri hauruhusu chaji kamili mpaka ipoe. Dakika 80 zinageuka 100. Dawa ni kivuli: chaja iwe chini ya paa, si kwenye lami ya wazi. Ndege ikimaliza kazi ya siku isiachwe imejaa asilimia 100 juani wikiendi nzima. Joto na chaji kamili vikikutana ndipo seli za lithiamu huzeeka haraka zaidi. Iache katikati, ijaze asubuhi ya kazi.

Umeme ukikatika je? Jenereta ya kuendesha chaja hii isiwe chini ya kVA 30. Jenereta ya dizeli hutoa kama uniti 3 hadi 3.5 kwa lita. Saa moja ya sakiti hula kama uniti 28 kutoka ukutani, upotevu wa chaja ukiwamo, kwa hiyo ni kama lita 8 hadi 9 za dizeli. Cha kuchekesha ni kwamba hata hapo unachoma nusu ya mafuta ambayo Rotax ingechoma. Bei ya uniti 28 kila mtu aizidishe kwa anacholipa kwenye LUKU au tokeni zake, kisha ailinganishe na lita 16 za petroli. Umeme unashinda, na kwa mbali.

Ila hiyo siyo gharama yote. Betri zina kipimo kingine kwenye skrini, SOH, afya ya betri, kinachoanzia 100 na kushuka. Kikifika 0 betri haijafa, imefikia mwisho wa ujazo na nguvu zilizokubaliwa kwa kuruka, na inatolewa. Kwa hiyo gawa bei ya jozi ya betri kwa saa utakazopata. Kila dola 10,000 ya bei, kwa saa 500, ni dola 20 kwa kila saa ya kuruka. Kwa saa 1,000 ni dola 10. Anayekuonyesha bei ya uniti tu na kunyamaza kuhusu betri anakuuzia nusu ya hesabu. Rotax upande wake inafunguliwa upya kwa saa 2,000 au miaka 15, chochote kitakachotangulia, na kuna mafundi wengi wanaoijua.

Kinachoharibika

Petroli ina orodha ndefu, lakini ni orodha inayojulikana. Rotax 912 ina plagi 8, mbili kwa kila silinda, kabureta mbili zinazopaswa kuvuta sawasawa, gia boksi na mipira inayobadilishwa kila miaka 5. Kabureta zikipishana injini inatetemeka ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na mtetemo huo ndio unaokula gia boksi. Boya za kabureta zikinywa mafuta huzama, kiwango kinapanda, na injini inafurika. Petroli ya gari ikiwa moto kwenye mabomba baada ya ndege kusimama juani huchemka na kuziba njia kwa mvuke. Dalili ni injini kukohoa mara tu baada ya kuwashwa tena. Maji kwenye tangi yanamwagwa kupitia drein kila asubuhi. Barafu ya kabureta si ya Ulaya tu: hewa yenye unyevu mwingi ya nyuzi 20 na kitu inaganda vizuri tu kabureta ikiwa nusu imefungwa.

Mafuta yenyewe yachaguliwe. 912 S inataka petroli ya oktani 95 au zaidi, au avgasi 100LL, petroli maalumu ya ndege. Avgasi ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, na risasi hiyo hujikusanya kwenye plagi, vali na gia boksi. Ukiitumia sana, oili ibadilishwe kila saa 50 badala ya 100. Avgasi nayo kwetu haipatikani kila uwanja, na hapo ndipo umeme unapopata hoja yake nzito kuliko zote, hata kuliko hewa safi.

Umeme una orodha fupi na ngeni. Mota ina kipande kimoja kinachozunguka, hakuna oili, hakuna plagi. Kinachobaki ni viunganishi, vitambuzi, pampu za kupozea na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe mota. Kosa la kawaida halitoi harufu wala mlio. Linatoa namba kwenye skrini, na fundi mwenye spana peke yake hana la kufanya kama hana kompyuta ya kusoma mfumo. Volti 345 za mkondo wa moja kwa moja zinaua. Fundi awe na mafunzo ya volti kubwa, glavu zenye alama ya volti husika, na kanuni ya kutogusa nyaya nene kabla ya kupima kwamba umeme umekatika kweli.

Betri moja ikileta shida angani mfumo huitenga, na iliyobaki inaweza kuendesha mota peke yake na hata kupanda. Ni mpango mzuri, ila kumbuka hesabu ya ampea: betri moja sasa inabeba mzigo wa mbili. Ikiwa na asilimia 80 ni sawa. Ikiwa na 25, tafuta pa kutua.

Mtangulizi wake, Alpha Electro, ambayo haikuwa na cheti hiki, ilipoteza nguvu karibu na Arendal, Norwe, tarehe 14 Agosti 2019 na kuangukia kwenye ziwa dogo. Rubani alikuwa mkuu wa Avinor, shirika la viwanja vya ndege, na abiria naibu waziri. Wote walitoka bila majeraha. Ajali ile ni moja ya sababu ya kuangalia tarehe ya ndege unayouziwa: Alpha na Velis zinafanana sana kwa macho, na si ndege moja.

Nairobi na hadithi ya mwinuko

Utasikia kwamba umeme ni jibu la viwanja vya juu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500. Injini isiyo na taabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo pale imekwisha kupoteza asilimia 16 hivi, na mchana wa joto ni zaidi ya 20. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi kitu. Kweli, lakini nusu ya kweli.

Pangaboi la Velis ni la pembe isiyobadilika. Nguvu ambayo pangaboi linaweza kumeza kwa mizunguko fulani hupungua pamoja na uzito wa hewa. Kwenye hewa nyepesi mota inafika kikomo chake cha mizunguko 2,500 kwa dakika kabla pangaboi halijaweza kumeza kilowati 57.6 zote. Nguvu ipo kwenye mota, haina pa kwenda. Ili kuipata ungehitaji pangaboi la pembe kali zaidi au linalobadilika, na hilo halimo kwenye cheti. Juu ya hayo, hewa nyepesi haipozi radieta vizuri, na kasi halisi ya kupaa inapanda kwa ndege yoyote, kwa hiyo njia ndefu inahitajika vile vile. Anayepanga kuipeleka Eldoret au Arusha asome jedwali za kitabu cha ndege kwa kimo na joto la pale, asisome kijitabu cha mauzo.

Ukiuziwa iliyotumika

Washa skrini mwenyewe, usipokee picha. Soma SOH ya betri zote mbili. Zikipishana sana, uliza ipi ilibadilishwa lini na kwa nini. Dai rekodi ya joto la betri na idadi ya chaji, si saa za kuruka tu. Mwambie muuzaji aichaji hadi juu mbele yako na uandike uniti zilizoingia kutoka asilimia 30 hadi 100: betri mpya inataka kama 17, na za kwenye mita ya ukutani zitazidi kidogo. Ikijaa na 13, hizo zilizokosekana ndizo dakika ambazo hutazipata angani. Kisha paa, kaa kwenye sakiti, na hesabu asilimia zinazoliwa kila mzunguko mpaka wa nne. Ukiona 10, 10, 11, 11, kaeni mzungumze bei. Ukiona 12, 13, 15, betri inachoka wakati wa mzigo, na bei ya kuzungumza ni ile ya ndege isiyo na betri.